Pesa ya mabati imeishia kwenye katoni za kadi za besiboli

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, na sasa naishi Houston, Texas. Mume wangu ni Mkongo wa Uvira. Tulikutana Kasulu enzi akiwa kambini Nyarugusu, tukafika Marekani 2006 tukiwa na mtoto mmoja mgongoni. Sasa ni watatu. Mume wangu si mlevi, hana nyumba ndogo, hajawahi kulala nje. Nayasema haya mapema ili usije ukanipa majibu ya matatizo nisiyokuwa nayo. Tatizo langu liko gereji.

Mwezi wa nne alistaafu mzee mmoja wa Kizungu waliyekuwa wakifanya naye kazi ghalani. Anahamia Arizona kwa binti yake na hawezi kubeba kila kitu. Akamwambia mume wangu kwamba ana kadi za wachezaji, za besiboli na za mpira wa kikapu, alizozinunua mpya kuanzia 1987 hadi 1992 kwa nia ya kusomeshea watoto wake. (Watoto wake walisoma kwa mkopo. Hilo mume wangu alilisikia, ila hakujiuliza kwa nini.) Bei ya zote dola 4,000, na eti hiyo ni bei ya urafiki.

Pesa ilitoka wapi? Mjomba, mimi nacheza upatu na kina mama wenzangu wa hapa, na zamu yangu ilifika mwezi wa tatu. Ile ilikuwa pesa ya mbao na mabati ya nyumba yetu Ujiji. Kuta zimesimama tangu mwaka juzi, mvua zinazinyeshea. Yeye akaitoa kwenye akaunti yetu ya pamoja, akaniambia baadaye: "Mama, kwa hizi tutaezeka nyumba tatu."

Ni katoni 11. Tatu hazijafunguliwa, bado zina utepe wa kiwandani. Nane ni kadi zilizokwisha kufunguliwa, zimepangwa kwenye maboksi marefu meupe. Gari langu sasa linalala nje kwenye jua la Houston ili karatasi zipate kivuli.

Hoja yake yote ni moja. Mwaka 2022 aliona kwenye habari kadi ya 1952 ya Mickey Mantle, nyota wa zamani wa besiboli, imeuzwa dola milioni 12.6. Anasema kama ya 1952 imefika huko, hizi za 1990 zina zaidi ya miaka thelathini tayari, ni suala la subira. Sasa anataka kuchagua kadi 150 azitume kwenye kampuni inayozikagua, kuzipa alama na kuzifungia kwenye kasha la plastiki. Ni dola 25 kila kadi. Nimepiga hesabu, ni dola 3,750. Tena yule mzee ana shemeji yake mwenye gereji nyingine imejaa hivyo hivyo, na simu zinapigwa kila wiki.

Kijana wetu wa kwanza ana miaka 20 na anamcheka baba yake mpaka machozi. Lakini na yeye ana yake. Anafuata watu wanaofungua maboksi ya kadi mubashara kwenye simu. Unalipia timu, kadi ya timu yako ikitokea ni yako, isipotokea umekula hasara. Mwezi uliopita niliona taarifa yake ya benki, dola 640, na anafanya kazi ya muda tu dukani. Anasema za baba ni takataka kwa sababu zimechapwa bila idadi, ila zake zimepigwa namba, moja kati ya 99, moja kati ya 25, kwa hiyo haziwezi kushuka. Wakikaa sebuleni ni mashtaka mpaka usiku.

Nisaidie, Mjomba. Kadi hizi zina pesa au hazina? Kati ya baba na mtoto nani anajua anachosema? Nimzuie kutuma hizo 150? Na mume wangu sasa ana mpango wa akiba: zikikwama hapa atazipakia kwenye kontena la ndugu zake mpaka Dar, kisha Kigoma, aziuze huko. Sijui nicheke au nilie.

Mama wa watatu, Houston

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na linalokunyima usingizi: pesa ya mabati haitarudi yote, na hizo kadi 150 zisitumwe popote. Mengine nitayaeleza polepole, maana sidhani kama mumeo atakubali "hapana" kavu kutoka kwa mjomba wa gazetini. Mpe asome mwenyewe.

Tuanze na hiyo Mantle. Mumeo ameona umri wa kadi akadhani umri ndio ulioleta bei. Mwaka 1952 kadi hizi zilikuwa vitu vya watoto. Zilitiwa kwenye pakiti pamoja na ubani wa kutafuna, na kampuni ya Topps, ambao ndio hao hao wenye ubani wa Bazooka, walizitumia kama chambo cha kuuzia ubani. Watoto walizifunga kwa mpira wakazitia mfukoni, wakazibana kwenye spoku za baiskeli zipige kelele, na walipokwenda jeshini au kuoa, mama zao walifagia vyumba. Isitoshe, kundi la mwisho la kadi za mwaka ule, ambalo Mantle namba 311 ndiye analifungua, lilitoka msimu ukielekea ukingoni na halikununuliwa sana. Masanduku yakakaa ghalani. Mwaka 1960 Sy Berger, mmoja wa waliozibuni kadi zile, kwa simulizi yake mwenyewe alizipakia kwenye tishari zikaenda kumwagwa katika bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo kadi iliyofika milioni 12.6 ni ile iliyookoka mifuko ya watoto, fagio za mama na maji ya bahari, tena ikiwa safi ajabu. Hakuna aliyeiweka kwa ajili ya karo.

Sasa muulize mumeo: nani alitupa kadi ya 1990? Yule mzee hakutupa. Shemeji yake hakutupa. Marekani nzima ina magereji na vyumba vya chini vya nyumba vilivyojaa kadi za miaka ile, kila moja imewekwa na mtu aliyekuwa anasubiri kile anachokisubiri mumeo.

Zilifikaje kuwa nyingi hivyo? Hapo ndipo penye utamu, na ni kisa cha ushindani. Tangu 1956, baada ya kuinunua kampuni shindani ya Bowman, Topps walikaa karibu peke yao kwenye besiboli kwa miaka ishirini na ushei. Mwaka 1975 kampuni ya Fleer wakawashtaki kwa kuhodhi soko. Mwaka 1980 jaji akawapa Fleer haki, na 1981 Fleer na kampuni nyingine, Donruss, wakaingia sokoni. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi. Ungedhani mchezo umekwisha. Lakini haki ya Topps ilihusu kadi zinazouzwa pamoja na ubani, basi Fleer wakaondoa ubani wakatia stika, na Donruss wakatia vipande vya picha ya kuunganisha. Mawakili hawa Mungu anawaona.

Kampuni zikawa tatu, na mnunuzi naye akabadilika. Wanaume waliokuwa watoto 1952 sasa walikuwa na mishahara, na walikuwa wanasikia kadi walizozichezea zinauzwa kwa maelfu. Mwaka 1984 James Beckett akaanza kutoa jarida la bei kila mwezi, kadi yenye mkwaruzo bei hii, isiyo na mkwaruzo bei hii, mishale ya juu na ya chini. Kadi zikaanza kusomwa kama hisa. Watu hawakununua tena pakiti ili wafungue, walinunua boksi zima wakaliweka, wengine katoni. Kampuni ziliona boksi linaisha dukani, zikachapa zaidi. Hazikujua, au hazikujali kujua, kwamba boksi lile halijaenda kwa mtoto, limeenda kabatini kumsubiri mnunuzi mwingine.

Wewe ni wa Ujiji, unajua giza la mwezi likiwa zuri na kila mtumbwi ukirudi umejaa, bei ya dagaa pale mwaloni inakuwaje. Tofauti ni kwamba dagaa wataliwa. Kadi hazikuliwa na mtu.

Mwaka 1988 wakaingia Score, 1989 wakaingia Upper Deck na karatasi nzito, picha nzuri, hologramu mgongoni, na pakiti ya foili isiyoweza kufunguliwa ikafungwa tena kwa ujanja. Walitoza kama dola moja kwa pakiti, karibu mara mbili ya wenzao, na watu wakapigania. Wenzao wakaogopa. Topps walikuwa wamelifufua jina la Bowman 1989, Donruss wakaleta Leaf 1990, Topps wakajibu na Stadium Club 1991, Fleer wakaleta Ultra. Kampuni moja ikawa na matoleo mawili, matatu, manne kwa mwaka, yote yana wachezaji wale wale. Mpira wa kikapu ulichelewa kidogo: Fleer walikuwa peke yao kuanzia 1986, kisha Hoops wakaja 1989, SkyBox 1990, Upper Deck 1991, na mafuriko yakafika huko pia. Kadi ziliuzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya dawa. Ligi na vyama vya wachezaji navyo vilikuwa vinapokea ada za leseni, kwa hiyo hakuna aliyekaa mezani akiwa na sababu ya kusema basi. Chama cha wachezaji wa besiboli kiliweka pesa hiyo kama akiba ya kukabiliana na waajiri.

Idadi ya kadi zilizochapwa? Hawakuitangaza. Lakini ichukue katoni moja ya kiwandani ya miaka ile: maboksi 20, kila boksi pakiti 36, kila pakiti kadi 15 hivi. Hizo ni 10,800. Katoni zenu tatu peke yake zina zaidi ya kadi 32,000, na hapo hatujagusa nane nyingine, wala shemeji.

Mwezi Agosti 1994 wachezaji wa besiboli waligoma, fainali za mwaka huo zikafutwa, na mashabiki waliokasirika wakaziacha kadi pia. Ila ukweli ni kwamba soko lilikuwa limeanza kuvuja kabla. Marvel walioinunua Fleer 1992 waliomba ulinzi wa kufilisika mwishoni mwa 1996. Wenye Score wakafilisika 1998. Fleer wenyewe wakafunga 2005. Wakusanyaji wenyewe leo wanaiita miaka ile zama za takataka, kwa hiyo kijana wako hajatunga tusi jipya.

Kuna kadi ndani ya lundo hilo zinazostahili kutafutwa, na hapo mumeo na mwanao wanaweza kukaa sakafuni siku moja wakafanya kazi pamoja badala ya kupigiana kelele. Watafute Ken Griffey Jr. wa Upper Deck 1989, kadi namba 1. Hiyo ina bei mpaka leo, ingawa zimekaguliwa makumi ya maelfu, na bei nzuri inakuja ikiwa tu haina dosari hata moja. Watafute Frank Thomas wa Topps 1990 ambaye jina lake halikuchapwa upande wa mbele. Hilo lilikuwa kosa la kiwandani na ni adimu kweli. Waangalie kadi zozote za Topps 1991 zenye muhuri wa dhahabu wa Desert Shield. Hizo zilitumwa kwa askari wa Marekani waliokuwa kwenye Vita vya Ghuba, ni chache, na kadi ile ile bila muhuri kwa kawaida haina bei. Muhuri wa kughushi upo pia, wasishangilie mapema. Kwenye kikapu, Fleer ya msimu wa 1987 na wa 1988, wenye kina Jordan na Pippen, zilitoka kabla ya mafuriko. Wakikuta hizo wazitoe gereji siku hiyo hiyo. Joto na unyevu wa Houston huzigandanisha kadi zinazong'aa zikawa tofali moja, na ukizibandua zinachunika uso.

Nyingine zote, mpwa wangu, ni karatasi. Nikupe mfano mmoja unaochekesha. Kwenye toleo la Hoops la 1990 kuna kadi ya Mark Jackson wa New York, na nyuma yake, kwenye viti vya mbele, wanaonekana ndugu wawili Menendez, wale waliowaua wazazi wao California. Hakuna aliyewaona mpaka 2018. Dunia nzima ikaizungumzia kadi hiyo. Na hata baada ya umaarufu wote huo unaipata kwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu walichapa nyingi mno.

Sasa hesabu ya kweli. Kadi zilizofunguliwa, za kawaida, wanunuzi wa jumla huchukua kwa dola chache kila kadi elfu moja, na wengi hawazitaki hata bure kwa sababu ya uzito. Katoni tatu zilizofungwa ni habari tofauti kidogo, kwa sababu kuna watu wanaopenda kufungua pakiti za utotoni mwao. Boksi la Donruss ya 1990, kwa mfano, huenda kwa dola kumi na kitu au ishirini na kitu, rejareja. Ukiuza boksi moja moja mtandaoni, soko linakata kama asilimia 13 na posta ya mzigo mzito inakula kingine. Afadhali wazipeleke kwenye maonyesho ya kadi ya hapo hapo Texas, wauze katoni nzima kwa mkono. Mkipata dola 700 au 900 kwa zote tatu mshukuru Mungu. Kama mojawapo ni Upper Deck ya 1989, hiyo iuzeni peke yake kwa bei yake, na asiifungue mtu. Najua mtajaribiwa.

Kwa nini hizo 150 zisitumwe? Kwa sababu alama inalipa ikiwa ni 10, ile ya juu kabisa, na kwa kadi za zama hizi hata 9 mara nyingi haifiki gharama ya kuikagua. Kadi za miaka ile zilikatwa kwa haraka, picha imeegemea upande mmoja, kona zimechoka. Atalipa dola 25 apate kadi ya dola nane ndani ya kasha la plastiki. Wakipata Griffey mmoja aliyekaa katikati kabisa, kona nne kali, atume huyo mmoja.

Kijana sasa. Yuko sahihi kuhusu baba yake, na hayuko sahihi kuhusu yeye mwenyewe.

Kampuni zilijifunza kutoka kwa zile takataka. Zikaacha kuuza wingi, zikaanza kuuza uchache. Upper Deck 1990 walificha kadi 2,500 zilizosainiwa na Reggie Jackson kwa mkono, na tangu hapo hakuna boksi lisilo na hazina yake ndani. Saini, vipande vya jezi, rangi kumi na rangi ishirini za kadi ile ile. Mwanao akishika kadi yenye namba 14/99, aulize na hizi: mchezaji huyo ana rangi ngapi nyingine kwenye toleo hili, na matoleo mangapi mwaka huu? Uchache wa kadi moja unaweza kuwa wa kweli kabisa huku jumla ya kadi za mchezaji huyo ikiwa mlima.

Kama anataka kuona mafuriko yaliyotokea yeye akiwa hai, asome kuhusu Project 2020 ya Topps. Walichukua kadi 20 maarufu, wakawapa wasanii 20 wazichore upya, na kila mpya ikauzwa dola 20 hivi kwa saa 48 tu. Zinachapwa kadiri ya walioagiza, na idadi inatangazwa. Za mwanzo ziliagizwa elfu moja na ushei kila moja. Wakati wa korona zikaanza kupanda mpaka mamia, nyingine maelfu ya dola. Basi kila mtu akakimbilia zile zinazofuata, na Griffey mmoja akaagizwa karibu laki moja. Ndani ya wiki chache unazinunua chini ya bei iliyolipwa kiwandani. Hapo hakuna aliyedanganywa, idadi ilikuwa imeandikwa. Waliona idadi, wakanunua hata hivyo, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye atakayechelewa kuuza.

Na hata kilicho adimu kweli kinashuka. Jordan wa Fleer 1986 mwenye alama 10 wapo mia tatu na kitu tu duniani. Januari 2021 wawili waliuzwa dola 738,000 kila mmoja. Miezi michache baadaye bei ilikuwa chini ya nusu. Mwaka huo huo, mwezi Mei, maduka ya Target walisimamisha kwa muda kuuza kadi madukani baada ya watu kupigana kwenye maegesho huko Wisconsin. Kampuni kubwa ya kukagua kadi, PSA, ilikuwa imezidiwa mpaka ikafunga milango kwa huduma za bei nafuu. Soko likifika kwenye ngumi, anayeingia wakati huo ananunua kwa bei ya anayetoka.

Mwambie pia ushindani wa leo si ule wa kampuni tano kwenye rafu moja. Sasa wanagombea leseni. Kampuni ya Panini walishika leseni ya NBA, ligi ya kikapu, kuanzia 2009, Topps wakabaki peke yao na leseni ya ligi ya besiboli kuanzia 2010. Mwaka 2021 kampuni ya Fanatics wakaja wakazichukua haki za ligi hizo kwa miaka ijayo, Januari 2022 wakainunua Topps yenyewe kwa takriban dola milioni 500, na 2023 Panini wakawashtaki kwa kuhodhi soko, wao wakajibu kwa kesi yao. NBA imerudi kwa Topps msimu wa 2025. Nasema hivi kama maoni yangu: aliyelipa pesa nyingi kupata leseni atazitafuta kwa mnunuzi wa mwisho, na mnunuzi wa mwisho ni kijana wa miaka 20 anayelipia timu usiku kwenye simu. Huko kufungua mubashara, kwangu mimi, ni kamari iliyovaa jezi. Dola 640 kwa mwezi kwa mwenye kazi ya muda si burudani tena. Mwekee kikomo mkikubaliana, na kama atakivuka akificha, hapo tafuta msaada wa watu wanaoshughulika na uraibu wa kamari, usisubiri.

Akitaka kadi ya mchezaji anayempenda, ainunue ile moja, kwa aliyenayo, kwa bei anayoiona. Na asije akaipenda kwa sababu ya bei ya kesho. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, na Stephen Curry akachaguliwa wa saba. Siku ile, mwenye kadi ya wa pili na mwenye kadi ya wa saba hakuna aliyejua. Mimi ningekuwa na ya Thabeet ningebaki nayo mpaka leo, na sababu yangu haimo kwenye jarida la bei.

Hilo linanileta kwa mumeo. Mtu wa Uvira aliyefika Houston 2006 alimkuta Dikembe Mutombo, Mkongo mwenzake, anaichezea Rockets, timu ya kikapu ya Houston. Nadhani unajua hiyo ilikuwa na maana gani kwa Mkongo aliyetoka kambini: mtu wa kwao, kidole kinatikiswa kila akizuia mpira, na mwaka uliofuata hospitali yenye jina la mama yake inafunguliwa Kinshasa. Mutombo alichaguliwa na Denver 1991, kwa hiyo kadi zake za mwaka wa kwanza ziko kwenye mafuriko hayo hayo, za dola moja, mbili. Kama katoni zenu za kikapu zinafika msimu huo, zimo. Azitoe zote, azitie kwenye albamu, ziingie ndani ya nyumba. Usimcheke mbele ya watoto. Alinunua kwa mzee aliyeamini, na yule mzee hakumwibia. Alikuwa amebeba ndoto hiyo miaka thelathini akapata wa kumpokeza. Shemeji, hata hivyo, simu zake zisipokewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini usiache suala la kadi lifunike suala lenyewe. Hata zile katoni zingekuwa zimejaa Mantle, zamu ya upatu ilikuwa yako, na kina mama wale bado wanakudai kuchangia zamu zao. Mkalishe, mtaje jambo hilo kwa jina lake bila kutaja kadi hata mara moja. Pesa ya upatu itakuwa na akaunti yake, na kiasi chochote mtakachokubaliana, dola 200 au 500, kisitoke bila wote wawili kujua. Mauzo ya katoni tatu yaende kwenye mbao kwanza. Zilizobaki za 4,000 azifidie kwenye mshahara wake kidogo kidogo, na aandike. Akiona aibu kuandika, mpe kalamu wewe.

Zile nane za kadi zilizofunguliwa, wakishachambua, piga simu maktaba, shule au kanisa la mtaani uulize kama wanazitaka kwa watoto. Zingine ziende kwenye karatasi za kurejelezwa, gari lirudi gereji.

Na kontena la Kigoma, hapana. Mzigo wa karatasi unalipiwa nafasi kwenye kontena kama mzigo mwingine, bandarini Dar kuna ushuru na wakala wa forodha, kisha lori mpaka Kigoma, na mwisho wa safari mnamuuzia nani kadi ya Wade Boggs wa besiboli? Kama ndugu wana nafasi kwenye kontena, waulize bei ya kupakia sinki na vitasa vya milango.

Mjomba